Mwaka Tuliompokonya Barasa Sindano

Korir alikuja kwangu Jumapili bila kupiga simu. Nilikuwa nimebaki nyumbani kwa sababu goti langu limekataa ngazi za kanisa, na nikasikia lango likigongwa kwa teke, si kwa mkono, nikajiambia ni nani huyu asiye na adabu. Nilimjua kwa mabega kabla ya uso. Miaka ishirini na kitu hatukuwa tumeonana, mimi hapa Nakuru na yeye kule Molo, mwendo wa saa moja na nusu tu, na hilo peke yake ni aibu yetu wawili. Hakukaa hata akaulizwa habari. Alisema, "Raha, tulimzika Barasa wiki iliyopita." Mimi jina langu ni Rahab, lakini waliokula chakula changu nikiwa msichana huniita Raha. Nilikasirika kwanza, kabla ya kuhuzunika. Nilimuuliza kwani simu yangu ina ugonjwa gani mpaka niambiwe mtu akishafunikwa udongo. Korir aliniacha nikamaliza. Kisha nikakaa chini na uchungu ukanishika kweli, na nikampikia chai ili nipate mahali pa kugeuzia uso.

Ndipo nikaona mkono wake. Alipokea kikombe kwa viganja viwili, na kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, pale mgongoni mwa mkono ambapo mtu mzima ana kinundu cha nyama, palikuwa na shimo. Shimo lile nalijua. Nililitazama mwaka mzima nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye mkono wa mtu mwingine. Korir hakujua ninatazama nini. Yeye alikuwa na lake lililomtoa Molo. Alisema kwenye mazishi, huko kwao Barasa, walisoma wasifu wa marehemu, na ndani yake wakasema kwamba mwaka ule alioacha kazi alipasuliwa shingo. "Shingo, Raha. Si ilikuwa mikono? Wewe ndiye ulimpeleka kupimwa. Daktari alisema nini?" Nikamwambia ngoja nilete sukari, na sukari ilikuwa mezani mbele yake. Nilisimama jikoni nikiishika meza. Nilikuwa nimemwahidi Barasa kwamba Korir hatajua kamwe, na ahadi kwa mtu aliyekufa ni nzito zaidi ya ile ya mtu unayeweza kumpigia simu umwombe akufungue. Ningesema ukweli, ningemtwisha Korir kitu ambacho asingekitua tena. Ningenyamaza, mkono ule ungekwisha kama wa Barasa ulivyokwisha, na mimi nikiutazama.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwenye hoteli ya Mama Njeri, Molo. Usisikie hoteli ukafikiria vitanda. Ilikuwa nyumba ya mbao na mabati nyuma ya uwanja wa kupakia viazi, meza tatu, mabenchi sita, na jikoni kulikokuwa na jiko la kuni lililotoa moshi hata siku lilipozimwa. Baridi ya Molo wanaijua waliolala nayo. Asubuhi majani ya uwanjani yalikuwa meupe kwa jalidi, na vijana wa kupakia waliingia wakiwa wamejikunyata, wakakaa karibu na ukuta wa jikoni kwa sababu mbao zake zilikuwa na joto. Mama Njeri alikuwa mchoyo wa nyama lakini si wa supu, kwa hiyo tulipika supu ya kichwa cha ng'ombe tangu alfajiri, chapati, githeri ya mahindi na maharagwe, na ugali mgumu wa kushiba mchana. Mimi nilihudumu, nikaosha vyombo, nikafagia, na kati ya kufagia na kuosha nilisikia kila kitu. Ukuta wa mbao hauna siri. Nilijua nani amegombana na mkewe na ni lori gani limekwama matopeni Mau Summit kabla Mama Njeri mwenyewe hajajua.

Barasa alikuwa mkubwa wao. Alikuwa mtu wa magharibi, wa miaka arobaini na mitano hivi, mfupi, mpana, mwenye sauti ya mtu asiyehitaji kuipandisha. Mke na watoto wake walikuwa nyumbani kwao; yeye alikuwa na chumba cha kupanga karibu na reli, na maisha yake yote yalikuwa uwanjani pale. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Viazi vya Molo havikuwa vikijazwa kwenye gunia mpaka mdomoni tu. Wanunuzi walitaka lumbesa: gunia likijaa, unaliongezea kichwa cha viazi juu, nusu ya gunia lingine, na kichwa hicho unakishikilia kwa wavu wa kamba ya katani unaoshonwa kwa sindano ndefu ya chuma. Serikali imepiga marufuku lumbesa sijui mara ngapi, na kila mara marufuku imepitia Molo ikanywa chai ikaenda. Kushona kichwa cha lumbesa ni kazi ya vidole. Ukilegeza, viazi vinamwagika barabarani. Ukikaza sana, kamba inakatika. Kichwa alichoshona Barasa kilifika Mombasa bila kupoteza kiazi kimoja, na madereva waliuliza kabla ya kupakia, hizi ni za Barasa?

Baada ya kushona, kubeba. Wawili wanainua, na mbebaji anainama, anaingiza kidevu kifuani, gunia linamkalia kwenye kisogo na katikati ya mabega, anapanda nalo ubao mpaka juu ya lori. Barasa alikuwa akiwafundisha wageni wote kwa maneno yaleyale: shingo ndiyo meza, usiitikise meza. Korir ndiye aliyekuwa akimwinulia. Wakati huo Korir alikuwa kijana wa chini ya miaka thelathini, mrefu, mwenye utani wa kuudhi, na alimfuata Barasa kila aendako. Walikula sahani moja. Nilidhani mwanzoni wanabana matumizi, lakini hapana, walikuwa wamezoeana hivyo.

Kitu cha kwanza kilikuwa kikombe. Barasa alikiangusha kikavunjika, nami nikamsema vizuri sana, kwa maana Mama Njeri alikuwa akinihesabia vikombe. Aliomba radhi, na akautazama mkono wake kana kwamba ni mtu aliyemsukuma. Juma lililofuata akaangusha kingine. Kisha nikamwona Korir, asubuhi moja, akimfunga vifungo vya shati kwenye kona, amewapa watu mgongo ili wasione. Kisha Barasa akaanza kuagiza githeri na kijiko badala ya ugali. Tulicheka sana. Tulimwambia mtu wa kwao akikataa ugali jamaa waitwe, mambo yameharibika. Naye akacheka na sisi, na mimi nikiondoa sahani nikaona kwa nini: hakuweza kulifinya tonge. Vidole vilikuwa vikilizunguka tu, tonge linabomoka linaanguka. Nililia jikoni siku hiyo, na Mama Njeri akafikiri ni moshi.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na maumivu, na hapo ndipo ulipotuchezea. Kitu kikiuma, mtu anajua pa kushika. Barasa hakuumwa. Alikuwa akihisi kila kitu, baridi, joto, mwiba. Nilimpa kikombe cha moto akasema ni moto. Ila nyama ilikuwa ikiondoka. Mkono wa kulia kwanza, shimo kati ya kidole gumba na cha pili, kisha migongo ya vidole ikabaki mifupa na mifereji. Wakati mwingine alipoulaza mkono mezani niliona nyama ya juu ya kiwiko ikicheza yenyewe chini ya ngozi, kidogokidogo, na yeye ametulia tuli. Kila mtu alikuwa na maelezo. Korir alisema ni baridi ya asubuhi. Mama Njeri alisema ni baridi yabisi na akamsugua kwa dawa ya kuchua iliyotutoa machozi hoteli nzima. Dereva mmoja alisema kuna mtu kwao hampendi. Hakuna aliyetaja shingo. Shingo ya Barasa ilikuwa nene kama gogo, na hakuna mtu anayeitilia shaka meza iliyobeba miaka yote hiyo bila kutikisika.

Mkutano ulifanyika nyuma ya ukuta wangu, nikiwa nasugua sufuria. Barasa hakuwapo, alikuwa ameenda kuangalia lori. Korir ndiye aliyezungumza, na sikuwahi kumsikia akizungumza bila utani kabla ya siku hiyo. Alisema mikono ya mzee imechoka, miaka yote ameshonea watu wote, sasa tumpunguzie. "Shingo yake bado nzuri, miguu bado mizuri. Tumchukulie sindano. Yeye abebe tu, sisi tushone." Walikubaliana wote. Mmoja aliuliza kama hatajisikia vibaya, na Korir akasema atamwambia yeye mwenyewe, kwa heshima. Nami nyuma ya ukuta niliacha kusugua, nikafikiri huyu kijana ana roho nzuri kuliko nilivyodhani. Jioni alimwambia. Barasa aliitoa sindano mfukoni, ilikuwa imelainika kwa kushikwa, akaiweka mezani mbele ya Korir. Alisema asanteni tu. Mchuzi ulipofika hakula mpaka Korir alipoanza.

Basi miezi ya mavuno ile Barasa alibeba. Alibeba zamu zake na zamu za waliokaa kushona. Kwa kuwa alikuwa amesamehewa kazi ya mikono, aliona aibu kupumzika. Aliyetoka ubaoni akirudi alimkuta ameshainama anangoja. Tulimpa nyama kubwa. Tulimsifu. Na mkono ulikwisha haraka kuliko mwanzo, kisha wa kushoto nao ukaanza, na sisi tukazidi kumhurumia na kumtafutia kazi isiyo ya mikono.

Muuguzi wa Molo ndiye aliyesema aende Nakuru. Alisema huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, wanaweza kupasua hapo kidogo ukaachiliwa, lakini kwanza apimwe na daktari fulani aliyekuwa akija kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi na mashine yake. Barasa alifurahi. Kifundo kupasuliwa, alisema, si kitu. Mama Njeri alinituma niende naye, kwa sababu Barasa hakuweza kujifungua vifungo wala kugeuza kitasa, na hakutaka Korir apoteze siku ya kazi. Nakuru haikuwa imeitwa jiji wakati huo. Tulipanda ghorofa moja juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na harufu ya dawa za kupe ilipanda na sisi. Chumba kilikuwa na kitanda chembamba, pazia la kijani, na mashine yenye kioo mfano wa televisheni ndogo. Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Alimsalimu Barasa, "Shikamoo mzee," na mzee wa watu, ambaye wanawake wa kwao hawasalimu hivyo, akajibu, "Mzuri sana".

Daktari alimfunga vishikizo vya waya vidoleni, kisha akagusa kifundoni kwa kifaa kidogo chenye ncha mbili. Kidole gumba cha Barasa kiliruka. Miezi mingi kidole kile kilikuwa kimelala, na sasa kinaruka kila daktari akigusa. Barasa alishtuka, kisha akacheka, nami sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu vikombe. Akamuuliza daktari kama hiyo ni stima ya Olkaria, kule kwenye mitambo. Daktari akasema ni ya betri tu, ndogo sana. "Lakini kiko hai," Barasa aliniambia. "Raha, si umeona kiko hai?" Nilimwambia nimeona. Daktari aligusa kifundoni, akagusa kiwikoni, akapima kwa tepu kama fundi wa nguo, akatazama mistari kwenye kioo ikipanda na kushuka. Kisha akachukua sindano nyembamba akaichoma nyama ya kidole gumba, ya mkono, ya nyuma juu ya kiwiko. Mashine ilitoa sauti kila mahali alipochoma, mfano wa mahindi yanayokaangwa. Hakupenda sauti hiyo. Nilimtazama uso nikajua.

Alimuuliza Barasa anafanya kazi gani. Akasema kubeba viazi. Daktari akauliza anabebea wapi, begani au mgongoni, na Barasa, akiwa bado amekaa kitandani, aliinamisha kichwa, akaingiza kidevu kifuani, akapiga kisogo chake kwa mkono uliokauka. Akaeleza kwa fahari kidogo kwamba siku hizi hafanyi kingine, wenzake wamemsamehe kazi zote za vidole.

Daktari aliweka sindano chini. Alieleza polepole, na mimi nilishika kila neno kwa sababu nilijua nitaulizwa. Alisema waya za mkono, yaani mishipa ya fahamu, ni nzima. Stima inapita kifundoni kwa mwendo mzuri, na za kuhisi ziko sawa kabisa, ndiyo maana anahisi moto na baridi. Lakini nyama alizochoma, za kidole na za juu ya kiwiko, hazitumii waya mmoja mkononi. Waya zake zinakutana mahali pamoja tu, pale zinapotoka kwenye mifupa ya shingo. Mifupa hiyo imesagika na kuota vijembe, na inaikanyaga mizizi ya waya hizo. Nyama isiyopata habari kutoka huko juu inakonda mpaka inakwisha. Barasa aliuliza kama kifundo hakitapasuliwa. "Mzee," daktari alisema, "mikono yako haina kosa lolote. Kila gunia unalobeba linakula mkono. Usibebe tena kitu shingoni, hata ndoo ya maji." Barasa akauliza je, akiacha, vidole vitarudi? Daktari hakumdanganya. Alisema akiacha, na akipasuliwa shingo mapema, anaweza kuokoa kilichobaki. Kilichokwenda, asikingoje.

Tulikaa kwenye mkahawa fulani chini ya jengo lile. Nilimnunulia sambusa, akaishika kati ya viganja viwili akaila yote, taratibu, akitazama watu barabarani. Nilikuwa nangoja alie au atukane. Aliposema, alisema, "Usimwambie Korir." Nikauliza kwa nini, maana mimi nilikuwa bado sijaunganisha. Akanitazama kwa huruma. "Siku ile walipochukua sindano, nililala vizuri, Raha. Nilijiambia nina ndugu. Na ninaye. Sasa nikamwambie nini? Kwamba kila gunia aliloniinulia alikuwa ananikata mkono?" Akaniapisha hapo, mbele ya chupa ya pilipili. Tuseme ni mishipa ya mikono, basi. Niliapa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliona ni jambo kubwa na zuri, na moyo wangu ulijaa.

Aliacha kubeba kesho yake. Aliwaambia daktari amemkataza kazi zote, na hakuna aliyemkatalia. Alipasuliwa Eldoret; uwanjani waliambiwa ameenda nyumbani kuona watoto. Alirudi na skafu ya sufu shingoni, na Molo nani atamuuliza mtu kwa nini ana skafu? Mkono wa kushoto ulisimama pale ulipofika. Wa kulia ulibaki mkavu. Majuma yale ya mwisho kabla hajarudi kwao alikaa kwenye benchi karibu na ukuta wa jikoni akitazama malori yakijaa, na saa ya chakula Korir alikuja, akakata ugali, akafinya matonge, akayapanga upande wa Barasa wa sahani, huku akisimulia upuuzi wake kwa watu wengine. Barasa aliyasukuma mdomoni kwa kiganja. Kisha Korir alinawa, akaenda uwanjani, akainama, akawekewa gunia kisogoni. Nilimwona Barasa akimtazama. Alikuwa akimtazama mpaka Korir afike juu ya lori ndipo anapumua, na mimi nilifikiri ni wivu wa kazi.

Nilirudi mezani bila sukari. Nikamwambia Korir yote, kama nilivyoyaeleza hapa, sindano, mashine, sambusa, kiapo. Sikuondoa kitu na sikupaka kitu asali, kwa sababu ningeanza kupaka nisingemaliza. Alisikiliza akiwa ametazama kikombe. Nilipofika kwenye mkutano wa nyuma ya ukuta alifumba macho.

"Na alijua?" aliuliza. "Siku zote alizokula matonge yangu, alijua?"

"Alijua."

Nikamwambia sasa atazame mkono wake mwenyewe. Alisema alifikiri ni uzee. Nikamwambia si uzee, na kwamba ubao anaoupanda na magunia mpaka leo, kesho hataupanda, na kwamba nitampeleka kupimwa mimi mwenyewe, siku hizi mashine hizo ziko hapahapa mjini, na asinibishie. Hakubisha. Aliulaza mkono mezani, akajaribu kukutanisha kidole gumba na kidole kidogo, vikakataa kukutana, akajaribu tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kunilaumu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua.

"Angeniambia siku ile, Raha. Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini. Si ningeacha kubeba?"